Mtandao ukikatika mpakani lori linasimama: Intaneti inakufikiaje ofisini?

WAFANYABIASHARA na wasafirishaji wa ukanda huu wanazijua barabara zao vizuri. Wanajua mizani iko wapi, daraja gani ni jembamba na mpaka gani hujaa malori siku ya Ijumaa. Lakini waulize nyaraka wanazotuma kwa intaneti zinapita njia gani hadi kufika Kigali au Kampala, na wengi watakuonyesha kile kisanduku chenye taa za kijani kilichowekwa juu ya kabati.

Ujinga huo una gharama. Tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha uanze kutumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2014, mzigo unaokwenda Uganda au Rwanda hutolewa tamko na kulipiwa kodi katika nchi unakokwenda wakati bado uko bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Taarifa zinatembea mbele, mzigo unafuata. Lori lenye hati kamili mkononi mwa dereva, lakini ambalo taarifa zake hazijapanda kwenye mfumo wa forodha, ni sawa na lori lisilo na hati. Linasimama, dereva anadai posho na kontena linaanza kuhesabiwa siku.

Mtandao unapokatika, lawama ya kwanza humwendea mtoa huduma wa intaneti. Mara nyingine anastahili. Mara nyingine tatizo liko kilometa elfu kadhaa kutoka kwake, chini ya bahari, na hata yeye anasubiri kama wewe. Kujua tofauti hiyo kunamsaidia mfanyabiashara kununua huduma inayomfaa na kudai haki yake pale inapostahili.

Muuzaji wa rejareja

Kwanza tuondoe dhana moja. Kampuni inayokuuzia intaneti haina intaneti yake. Yenyewe ni mnunuzi wa jumla anayeuza rejareja. Hununua uwezo wa kupitisha taarifa kutoka kwa wenye mikongo mikubwa, hupimiwa kwa megabiti kwa sekunde na hulipa kwa mwezi, mara nyingi kwa dola. Kisha huukata uwezo huo vipande vidogo na kukuuzia wewe kwa shilingi au faranga.

Wasafirishaji wataelewa haraka. Ni kama wakala mwenye pikapu zake za kukusanya mizigo mjini, anayekodi nafasi kwenye malori ya wengine kwa safari ndefu, halafu analipia nafasi melini. Anayemjua mteja ni yeye, na risiti inatoka kwake, lakini sehemu kubwa ya safari iko mikononi mwa wengine.

Kipande cha mwisho

Kipande anachokimiliki mtoa huduma, au angalau anachokisimamia mwenyewe, ni kile cha kutoka kituo chake hadi mlangoni kwako. Kinaonekana kifupi, lakini ndicho chenye kero nyingi, na ndicho kinachotofautisha huduma moja na nyingine.

Zamani kilikuwa waya wa shaba wa simu ya mezani. Waya huo una tabia moja mbaya: kadiri ofisi yako ilivyo mbali na kituo cha simu ndivyo kasi inavyopungua, na ukivuka kilometa tano hivi hupati kitu cha maana. Tena ni shaba, na shaba ina soko. Wenye ofisi maeneo ya viwandani wanakumbuka waya zilivyokuwa zikiibwa usiku.

Siku hizi mijini umeingia mkongo, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Wateja wengi hudhani uzi ulioingia ofisini kwao ni wao peke yao hadi kwenye kituo. Sivyo. Katika mfumo unaotumika sana kwa nyumba na ofisi ndogo, uzi mmoja hutoka kituoni na kugawanywa njiani kwa kifaa kidogo kisichotumia umeme, ukahudumia wateja 32 au hata 64. Katika aina ya mfumo huo iliyoenea zaidi, uzi huo unabeba takriban megabiti 2,500 kwa sekunde kuja kwa wateja, na nusu yake kwenda. Wote 64 wakitumia kwa nguvu kwa wakati mmoja, kila mmoja atapata chini ya megabiti 40. Kampuni inaweza kumuuzia kila mmoja kifurushi cha megabiti 100 na isiwe imesema uongo wowote, kwa sababu inajua hawatatumia wote kwa pamoja.

Kugawana huko si wizi, na bila kugawana bei isingelipika. Tatizo ni kiasi. Kampuni ikiuza mno bila kuongeza uwezo, saa nne asubuhi ofisi zote zinapofungua mifumo, kasi inaanguka. Ndiyo maana kuna bidhaa mbili sokoni: huduma ya kushirikiana, ambayo ni nafuu, na huduma maalumu, ambayo megabiti ulizonunua zinatengwa kwa ajili yako tu. Ya pili inaweza kuwa ghali mara kadhaa. Wakala wa forodha anayetoa matamko 50 kwa siku anaihitaji. Mwenye duka la vipuri anayesoma barua pepe na kutuma ankara mbili tatu anapoteza fedha akiinunua.

Palipokosa mkongo, mtoa huduma hufunga antena juu ya paa lako inayotazamana na mnara wake. Huduma hii ni nzuri pale antena mbili zinapoonana bila kizuizi. Jirani akijenga ghorofa katikati, au kampuni nyingine nne zikifunga antena za masafa yale yale ya bure, utaanza kulalamika bila kujua chanzo.

Halafu kuna laini ya simu, ambayo ndiyo intaneti ya watu wengi zaidi katika nchi zetu. Mnara wa simu ni wa kushirikiana kuliko vyote. Mpakani, foleni ya malori 200 ikisimama chini ya mnara mmoja, kila dereva na utingo wake wana simu, na mnara ule ulipangwa kwa kijiji. Simu itaonyesha mistari yote ya mtandao, lakini ukurasa hautafunguka. Mistari hiyo inapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara. Haisemi ni watu wangapi wako mbele yako kwenye foleni.

Unapowasha kifaa

Ukiwasha ruta au kuweka laini kwenye simu, mtoa huduma hufanya mambo matatu kwa sekunde chache. Anakutambua, kwa namba ya laini au kwa jina na neno la siri lililowekwa ndani ya ruta na fundi. Anakupa anwani ya IP, ambayo ni kama namba ya sanduku la posta: taarifa zinazokuja kwako zinaandikwa anwani hiyo. Na anakuelekeza kwenye seva ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti uliloandika kuwa namba ambayo mitambo inaielewa. Seva hiyo ya majina ikizimika, mtandao mzima utaonekana umekufa wakati njia iko wazi kabisa.

Kuhusu anwani, kuna jambo dogo la kibiashara. Anwani za mfumo wa zamani, ambazo bado ndizo zinatumika sana, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na zimekuwa adimu. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Kwa uhaba huo kampuni nyingi huwaweka wateja mamia nyuma ya anwani moja. Kwa kusoma habari na kutuma barua haina madhara. Lakini ukitaka kuunganisha ofisi ya Dar es Salaam na ghala la Tunduma moja kwa moja, omba anwani ya kudumu ya peke yako, na tegemea kuilipia.

Kutoka kituoni hadi pwani

Baada ya kituo cha mtoa huduma, taarifa zako zinaingia kwenye mkongo mkuu wa nchi. Tanzania ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kusimamiwa na TTCL, ambao umefika kwenye mipaka na majirani zake: Namanga, Mutukula, Rusumo, Kabanga, Tunduma na Kasumulu. Msomaji ataona kuwa hiyo ni orodha ile ile ya vituo vya malori. Si bahati mbaya. Mikongo inafuata barabara, reli na njia za umeme kwa sababu ardhi yake imeshapimwa na ruhusa inapatikana kirahisi. Sehemu nyingine uzi wa kioo umo ndani ya waya wa juu kabisa kwenye nguzo kubwa za umeme.

Faida ya kufuata barabara ni unafuu. Hasara yake ni kwamba barabara zinapanuliwa. Greda la mkandarasi anayechimba mtaro linaweza kukata kwa dakika moja kitu kitakachowachukua mafundi siku nzima kukiunga.

Hapa ndipo nchi zisizo na bahari zinapoumia. Megabiti inayotumika Kampala inasafiri zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Mombasa, na inayotumika Kigali au Bujumbura kupitia Dar es Salaam inasafiri zaidi ya hapo. Mtoa huduma wa huko hulipia bahari kwanza, kisha hulipia kuvuka nchi ya jirani, kisha anaingia gharama za nchini mwake. Ni hesabu ile ile ya saruji au mafuta. Tofauti ni kwamba lori likikwama Rusumo unaweza kuligeuza lipite Mutukula kwa siku moja au mbili. Mtoa huduma ambaye hakununua njia ya pili mapema hana pa kugeuzia.

Baharini

Hadi mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini. Kila kitu kilipanda setelaiti iliyoko takriban kilometa 36,000 juu ya ikweta. Piga hesabu: swali lako linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, jumla kilometa 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu, na kufungua ukurasa mmoja kunahitaji maswali mengi. Bei ya jumla ilikuwa maelfu ya dola kwa megabiti moja kwa mwezi. Waliokuwa wakilipia kwa dakika kwenye intaneti kafe wanajua bei hiyo ilimfikia nani.

Mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa Juni 2009 kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. SEACOM ulianza kazi Julai mwaka huo huo, ukitua Mombasa na Dar es Salaam pia. EASSy, unaotoka Mtunzini Afrika Kusini hadi Port Sudan, ulifuata 2010. Mingine imeongezeka tangu hapo, ukiwamo 2Africa uliofikishwa Dar es Salaam mwaka 2023. Kwa wanaoagiza mizigo Dubai, TEAMS inapita bahari ile ile inayopitisha makontena yao.

Somo la Mei 2024

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania iliathirika vibaya, na majirani kadhaa pia. Watu wengi walijiuliza: kama mkongo umekatika kusini, kwa nini taarifa zisiende kaskazini?

Jibu ni kwamba kaskazini nako kulikuwa na tatizo tayari. Februari 2024 mikongo mitatu, ukiwamo SEACOM, ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, na inaaminika ilikwatuliwa na nanga ya meli ya Rubymar iliyokuwa ikielea baada ya kushambuliwa. Meli ya kutengeneza haiwezi kuingia kirahisi kwenye eneo la vita. Kwa hiyo njia ya kaskazini ilikuwa nyembamba, na ya kusini ilipokatika Mei, uwezo uliobaki haukutosha. Kenya ilipata unafuu kwa kuwa na TEAMS na mikongo mingine, na sehemu ya taarifa za Tanzania zikaelekezwa huko kwa njia ya nchi kavu.

Kazi ya kuunga mkongo wa baharini nayo si ya siku moja. Meli Léon Thévenin, yenye kituo Cape Town, ndiyo iliyotumwa. Ni lazima ipakie vifaa, ifike mahali, ivute ncha mbili kutoka chini, ziungwe kwa mkono kwenye sitaha, kisha zirudishwe. Bahari ikichafuka, inasubiri.

Kilichonishangaza wakati ule, nikizungumza na wenye makampuni ya usafirishaji, ni idadi ya waliokuwa na watoa huduma wawili na bado wakakosa mtandao kwa wote wawili. Walilipia mikataba miwili kwa imani kuwa wana njia mbili. Kumbe kampuni zote mbili zilikuwa zikinunua uwezo kwenye mikongo ile ile. Ni sawa na mtu kuwa na malori mawili na barabara moja.

Soko la kubadilishana mjini

Kuna sehemu moja ya mfumo huu ambayo haizungumzwi sana, nayo ni kituo cha kubadilishana taarifa kati ya watoa huduma wenyewe. Kabla vituo hivyo havijakuwapo, barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili, yenye mtoa huduma tofauti, ilikuwa ikipanda setelaiti, inakwenda Marekani au Ulaya, kisha inarudi. Kampuni zote mbili zilikuwa zinalipa dola kwa safari ya mita mia moja.

Watoa huduma wa Kenya walifungua kituo chao, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000. Baada ya wiki chache kikafungwa na mdhibiti kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje. Kilirejea Februari 2002. Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi nazo zina vituo vyao. Pale watoa huduma wanapeana taarifa za wateja wao mjini, zisitoke nje ya nchi.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: kama mfumo wako wa mahesabu au wa kufuatilia malori uko kwenye seva iliyopo Ulaya, kila unapoufungua unategemea bahari, hata kama wewe uko Kariakoo na karani wako yuko Ubungo. Ukiwa kwenye seva iliyopo nchini, mkongo wa baharini ukikatika mfumo wako bado utafunguka. Baina ya nchi na nchi hali bado haijanyooka. Taarifa kati ya miji miwili ya majirani inaweza kuzunguka Ulaya kama watoa huduma wake hawajaungana popote karibu.

Dereva akivuka mpaka

Laini ya simu ikivuka mpaka na kutumia mtandao wa jirani, kwa kawaida taarifa zake hurudishwa kwanza kwa kampuni ya nyumbani ndipo zitoke kwenda intaneti. Dereva wa Dar es Salaam aliyeko Lubumbashi, akifungua tovuti ya Kongo kwa laini ya Tanzania, ombi lake linakwenda Dar es Salaam na kurudi. Ndiyo sababu ya ugoigoi na sehemu ya sababu ya gharama. Mpango wa Mtandao Mmoja ulioanza mwaka 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda ulishughulika zaidi na bei za simu za sauti, kwa hiyo usidhani bando lako linavuka nao. Laini ya nchi husika bado ni nafuu kwa madereva wa njia ndefu. Na wakiwa karibu na mpaka wachague mtandao wao wenyewe kwenye simu, kwa sababu simu ikiachiwa inaweza kushika mnara wa ng'ambo na kula salio.

Huduma za fedha za simu kwa kupiga namba zenye nyota na alama ya reli hazitumii bando lako kabisa. Zinapita kwenye njia ya mawimbi ya simu yenyewe. Bando likigoma, jaribu hiyo kabla ya kukata tamaa.

Kwa maeneo yasiyo na mnara wala mkongo, zimekuja setelaiti za chini kama Starlink, iliyoanza kutoa huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023. Ziko takriban kilometa 550 juu, hivyo ule ucheleweshaji wa nusu sekunde haupo. Lakini leseni ni ya nchi kwa nchi. Dishi lililosajiliwa Kenya si ruhusa ya kulifunga juu ya ghala lililo upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika kabla hujalipakia kwenye lori.

Kabla ya kusaini

Muulize muuzaji kasi ya kupakia, si ya kupakua tu. Matangazo hutaja ya kupakua, wakati kazi ya wakala ni kutuma. Nyaraka zilizopigwa picha za megabaiti 25 ni megabiti 200, maana baiti moja ni biti nane. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 zitachukua sekunde 100 mambo yakienda vizuri, na kwa megabiti 20 sekunde 10. Zidisha kwa idadi ya matamko ya siku.

Muulize ananunua uwezo kwenye mikongo ipi ya baharini, na njia yake ya nchi kavu inapita wapi. Asiyejua au asiyetaka kujibu umeshamwelewa. Ukichukua wa pili kwa ajili ya akiba, hakikisha majibu yake ni tofauti, na ikiwezekana aje kwa njia tofauti hadi mlangoni: mmoja kwa mkongo, mwingine kwa antena au laini ya simu.

Mkataba utaje saa za kurekebisha tatizo na fidia ya siku zisizo na huduma. Mtandao ukikatika, andika saa uliyopiga simu na uombe namba ya malalamiko. Usipohudumiwa ndipo uende kwa mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, UCC kwa Uganda, RURA kwa Rwanda na ARCT kwa Burundi. Bila ile namba, huko watakurudisha kuanza upya.